Tarizi nyeusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchora pateni na kuirekebisha inapokosea

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa ushonaji, mafundi wa kanzu, na kina mama wanaotarizi mashuka na vitambaa vya makochi nyumbani. Mengi huletwa kama malalamiko juu ya sindano au uzi. Ukichunguza, kosa lilikuwa kwenye karatasi kabla sindano haijatungwa.

Tarizi nyeusi ni nini hasa?

Ni utarizi wa kuhesabu nyuzi za kitambaa. Uzi mweusi hupita juu ya kitambaa cheupe kwa mishono mifupi iliyonyooka, nayo mishono hiyo huunda nakshi zinazojirudia. Hakuna kujaza rangi kama kwenye maua ya mashuka. Giza na mwanga hutokana na jinsi mistari ilivyosongamana.

Ilivuma Uingereza karne ya 16, enzi za Mfalme Henry VIII. Watu husema ililetwa na Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry, aliyefika huko kutoka Hispania mwaka 1501, na kweli iliitwa kazi ya Kihispania. Lakini Waingereza walikuwa wakishona nyeusi juu ya nyeupe hata kabla yake. Mchoraji Hans Holbein aliichora kwa makini sana kwenye picha zake, mfano kwenye pindo za mikono ya nguo ya Malkia Jane Seymour, kiasi kwamba mshono wake mkuu unaitwa mshono wa Holbein hadi leo. Hapa nitauita mshono wa kwenda na kurudi, maana ndivyo unavyofanya kazi.

Nitumie kitambaa gani, na Kampala nitakipata wapi?

Kitambaa kilicho rahisi kuhesabu ni Aida, kilichofumwa kwa vijiraba vyenye matundu kwenye kona. Aida ya 14 ina vijiraba 14 katika inchi moja, yaani karibu vitano na nusu kwa sentimita. Baadhi ya maduka ya vifaa vya ushonaji huwa nacho, ila si kila siku, na ukikikuta nunua cha kutosha kazi nzima.

Ukikikosa, usikimbilie bafta. Bafta ni laini na nyuzi zake zimebanana, utaharibu macho. Zunguka Kiyembe uulize vitambaa vizito vya pamba vilivyofumwa wazi, au nenda soko la Owino kwenye mabunda ya mashuka na vitambaa vya meza vya mitumba. Humo hutokea vitambaa vya zamani vya kitani ambavyo ukivinunua vipya ni ghali mno. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuganda kishanga kigumu. Poliesta hushoneka, lakini huteleza na haikai vizuri chini ya pasi.

Kisha hesabu. Chukua rula, uhesabu nyuzi katika sentimita 5 kwa upana, halafu katika sentimita 5 kwa urefu. Usiruke hatua hii, na swali linalofuata litakuonyesha kwa nini.

Duara langu limekuwa yai. Nimekosea wapi?

Hukukosea kuhesabu. Kitambaa chako hakina mtande na mshindio uliolingana, yaani nyuzi za urefu na za upana hazilingani kwa idadi. Tuseme upana una nyuzi 60 katika sentimita 5, na urefu una 50. Nakshi ya miraba 30 kwa 30, kila mshono ukipita juu ya nyuzi mbili, itakula nyuzi 60 kila upande. Kwa upana ni sentimita 5, kwa urefu ni 6. Hilo ndilo yai lako.

Dawa ni kubadilisha idadi ya nyuzi kwa kila upande. Katika mfano huo, pita juu ya nyuzi 6 kwa upana na nyuzi 5 kwa urefu: pande zote mbili utapata nusu sentimita kamili. Mshono wa nusu sentimita ni mkubwa, unafaa mto wa kochi kuliko kola, lakini duara litakuwa duara. Kama kazi ni ndogo na hesabu haikubali, badilisha kitambaa au badilisha mchoro. Ndege, samaki na majani huvumilia kunyooshwa kidogo. Nyota na duara havivumilii.

Naweza kutarizi hivi juu ya lubugo?

Swali zuri, na huulizwa sana na wanaouzia watalii. Lubugo halikufumwa. Ni gome la mti wa mutuba lililopondwa, kwa hiyo hakuna uzi wa kuhesabu. Kuna njia mbili. Unaweza kubandika juu yake kanvasi nyembamba ya matundu, ushone kupitia zote mbili, kisha uchomoe nyuzi za kanvasi moja moja. Au utarizi kwenye kitambaa cheupe, ukate, ukishone kama kiraka juu ya lubugo. Mimi napendelea ya pili. Lubugo huchanika kwenye matundu yaliyokaribiana, na nyeusi juu ya kahawia haionekani hata kidogo mwanga ukiwa hafifu.

Nianze vipi kuchora pateni yangu?

Daftari la hesabu la watoto wa shule, lile lenye miraba, linatosha. Kila mstari wa mraba ni mshono mmoja. Chora juu ya mistari, si ndani ya miraba. Waliozoea mshono wa msalaba hukosea hapo, kwa sababu kule mraba ndio mshono. Mwenye kompyuta anaweza kufungua Excel, afanye seli ziwe za mraba, kisha aweke mipaka ya seli kuwa mishono. Hata mshazari unapatikana kwenye mipaka ya seli. Ukienda kuchapisha Nasser Road, mwambie kijana asiipunguze ili ienee kwenye karatasi.

Anza na umbo la nje, gawa umbo hilo vyumba, ndipo uchague nakshi ya kila chumba. Chumba kisichoweza kuonyesha nakshi mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu usikipe nakshi hiyo. Nakshi ya miraba 6 ndani ya chumba cha miraba 8 huonekana kama makosa ya mtoto.

Nitajuaje ukubwa wa kazi kabla ya kushona?

Gawa idadi ya mishono kwa namba ya Aida, zidisha kwa 2.54. Mchoro wa miraba 60 kwa 80 kwenye Aida ya 14 ni takriban sentimita 10.9 kwa 14.5.

Kwa vitu vinavyozunguka, kama mkono wa kanzu, anza upande wa pili. Mkono una sentimita 26: hiyo ni kama mishono 143. Nakshi yako inajirudia kila mishono 12. Gawa, unapata 12 kasoro kidogo. Chagua marudio 12, ambayo ni mishono 144, yaani sentimita 26.1. Tofauti ya milimita moja kitambaa kitaimeza. Fundi asiyepiga hesabu hii hukuta ua zima linakutana na nusu ua chini ya kiwiko, na mwenye kanzu ataliona siku ya kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, mbele ya wakwe.

Mbona nikirudi na uzi, mapengo mengine hayajazwi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tulia nalo.

Mshono wa kwenda na kurudi ni bandi mara mbili. Ukienda, unapiga bandi: mshono juu, mshono chini. Ukirudi, unajaza mapengo. Kila mstari wa mchoro hupitiwa mara mbili, mara moja juu ya kitambaa na mara moja chini yake, na mwisho pande zote mbili hufanana. Kwenye mstari mnyoofu hakuna taabu. Taabu huanza kwenye vitanzi na matawi.

Chukua mraba wa mishono minne. Wa kwanza uko juu, wa pili chini, wa tatu juu, wa nne chini, umefika ulipoanzia. Wengi huendelea kuzunguka upande uleule wakidhani wanajaza. Lakini nne ni shufwa: mshono wa tano unapita juu palepale palipo na uzi juu, na pengo linabaki pengo. Ni lazima ugeuke, urudi ulikotoka. Kitanzi chenye idadi witiri, tuseme mishono mitano, hicho ukikizunguka mara mbili upande uleule kinajaa chenyewe. Kwa usalama, zoea kugeuka daima, kwa maana kugeuka kunafanya kazi kwa vyote viwili.

Kwa matawi, kanuni ni hii: ukifika njia panda, ingia tawi, nenda hadi ncha, rudi kwa njia ileile hadi njia panda, ndipo uendelee na shina. Tawi la urefu wowote, ukienda na kurudi, umepiga hatua za idadi shufwa, kwa hiyo sindano inarudi njia panda ikiwa upande uleule wa kitambaa iliokuwa nao ulipoondoka. Mpangilio wa shina hauvurugiki. Tawi lenye vitawi nalo lifanyie vivyo hivyo. Ukishika kanuni hii, mchoro wowote uliounganika kama kipande kimoja unaweza kuumaliza bila kukata uzi njiani, isipokuwa uzi ukiisha.

Kwa hiyo chora njia kwenye daftari kabla ya kushona. Kalamu ya bluu kwa mishono ya kwenda, nyekundu kwa ya kurudi. Mstari ambao hauna rangi zote mbili ndilo pengo litakalokusumbua wiki ijayo. Kipande kisichogusana na kingine, kama nukta au nyota iliyosimama peke yake, kipe uzi wake, au kiunganishe kwa kubadilisha mchoro. Ninashauri kubadilisha mchoro. Nyota kumi zilizotengana ni miisho kumi ya uzi ya kuficha.

Kwani lazima? Mshono wa kurudi nyuma si rahisi zaidi?

Huo, ambao sindano hurudi nyuma kila mara kugusa mshono uliotangulia (backstitch), ni rahisi, na kwa foronya ya kochi au picha ya ukutani tumia huo bila aibu. Upande wa nyuma utakuwa na uzi mwingi, ila hakuna anayeuona. Kola, mkono wa nguo unaokunjwa, leso na kitambaa cha meza hugeuka, na hapo upande wa pili unaonekana. Unaweza pia kuchanganya: mistari ya nje kwa kurudi nyuma, nakshi za ndani kwa kwenda na kurudi.

Nyuma ya kitambaa cheupe naona vivuli vyeusi. Vinatoka wapi?

Ni uzi uliouvusha sehemu isiyo na mshono. Cheupe hakifichi nyeusi. Usivushe uzi mahali peupe hata kwa miraba mitatu. Pitia chini ya mishono iliyopo, au malizia na uanze upya. Fundo nalo huonekana kama doa na hutuna chini ya pasi. Anza kwa kuacha mkia wa urefu wa sindano, uufiche baadaye kwa kuupitisha chini ya mishono ya nyuma.

Picha yangu yote ni nyeusi sawasawa, haina uhai. Nifanyeje?

Nakshi zako zimelingana mno kwa uzito. Zihesabu. Kipande cha miraba 6 kwa 6 kinachojirudia kina mistari 72 ya kusimama na kulala, ukihesabu mpaka mmoja kwa kila upande. Nakshi yenye mishono 12 ni nyepesi, yenye 24 ni ya kati, yenye 48 ni nzito. Yenye 36 na yenye 40 jicho haliwezi kuzitenganisha, hata kama moja ni maua na nyingine ni misalaba. Ruka kwa mara mbili.

Mfano ambao wanafunzi huupenda ni korongo taji, yule ndege wa bendera ya Uganda. Paji la kichwa ni jeusi: hapo weka nakshi nzito kuliko zote. Shingo na mwili ni kijivu: nakshi ya kati mwilini, na nyepesi shingoni ili shingo isogee mbele. Shavu ni jeupe, liache tupu kabisa, usilionee huruma. Bawa lina weupe mwingi na rangi nyingine nyuma yake, kwa hiyo anza na nafasi tupu, uongeze mishono kidogo kidogo kuelekea mkiani: nakshi ileile, lakini kila safu ina mstari mmoja zaidi. Taji la dhahabu usilijaze. Lipe mistari mirefu ya uzi mmoja inayotawanyika, mingine miraba miwili juu na mmoja kando, mingine mitatu juu na mmoja kando. Wengi hulipa taji nakshi nzito kwa sababu ndilo wanalolipenda, na ndege anaonekana amevaa kofia.

Unene wa uzi nao ni kivuli. Uzi wa kutarizi wa Anchor au DMC huwa na nyuzi sita zinazotenganishwa. Kwenye Aida ya 14, tumia moja kwa nakshi na mbili kwa mstari wa nje. Sehemu unayotaka iwe kama ukungu, jaribu uzi mweusi wa cherehani. Piga picha mchoro kwa simu, uiweke mbali, ufinye macho. Vyumba viwili vikionekana kimoja, badilisha nakshi moja.

Nakshi hazikutani katikati. Nimehesabu vizuri!

Labda ulianza pande mbili ukitumaini zitakutana. Anza katikati ya chumba, nenda nje, na uiache nakshi ikatwe na mstari wa nje popote inapofikia. Nusu nakshi ukingoni ni kawaida kabisa. Pia piga bandi ya uzi wa rangi nyepesi kila baada ya miraba 10, kwa upana na kwa urefu, kabla ya kuanza. Inachukua muda, lakini kosa la mraba mmoja utalikamata ndani ya miraba 10 badala ya kulikuta mwisho. Zichomoe bandi kabla ya kupiga pasi.

Mistari yangu inapindapinda kama nyoka.

Ni safari ya kurudi. Tundu moja sasa lina nyuzi mbili, nazo zinasukumana. Jiwekee desturi: kila unapotoka, sindano ipite juu ya uzi uliopo, kila unapoingia ipite chini yake, usibadilishe hadi mwisho wa mstari. Tumia sindano butu, namba 24 au 26, isichome uzi wa kwanza na kuupasua. Mstari wa mshazari huonekana mwembamba zaidi kwa sababu mshono wake ni mrefu kwa karibu nusu ya ule wa kulala. Si kosa lako.

Kitambaa kikikunjamana, unavuta sana. Kibane kwenye fremu ya duara, na ukitoe kila unapoacha kazi, maana alama ya fremu ikikaa na vumbi jekundu la barabarani haitoki kwa urahisi.

Uzi kiasi gani utanitosha?

Kichane kimoja cha mita 8 chenye nyuzi sita kinakupa mita 48 za uzi mmoja. Mishono 1,000 kwenye Aida ya 14 ina urefu wa mita 1.8 hivi, mara mbili kwa kwenda na kurudi, ongeza mikia na mabaki, weka mita 5. Kata uzi wa dhiraa moja, usizidishe. Mrefu hufumuka manyoya, na manyoya meusi juu ya cheupe ni uchafu. Nyeusi ya DMC ni namba 310, ya Anchor ni 403. Usichanganye katika kazi moja, weusi wao haulingani vya kutosha juani.

Nyeusi pekee? Siwezi kuweka nyekundu?

Weka. Hata Waingereza wa enzi hizo walishona hivihivi kwa uzi mwekundu. Kwenye korongo, kifuko chekundu cha kooni kinapendeza kikiwa ndicho rangi pekee katika kazi nzima.

Nawezaje kufumua bila kuacha alama?

Usivute uzi mzima kurudi nyuma. Kata kwa mkasi mdogo kila baada ya mishono michache, uchomoe vipande kwa kibanio kutoka upande wa nyuma. Manyoya yaliyobaki yagonge kwa utepe wa gundi (selotepu), usisugue. Fanya mchana karibu na dirisha. Umeme ukikatika, weka chini; kufumua kwa tochi ya simu ndiko kunakokata kitambaa.

Uzi umechuja rangi nilipofua. Kazi imepotea?

Usiiache ikauke. Suuza kwa maji baridi tele, ubadilishe maji mpaka yawe meupe, na usiguse pasi kabla doa halijatoka, kwani joto huligandisha. JIK na dawa nyingine za klorini ziache kabatini, zitageuza nyeusi kuwa kahawia. Siku nyingine, kabla ya kuanza kazi mpya, loweka kipande cha uzi katika maji ya moto, ukibane kati ya karatasi nyeupe za chooni. Ikitoka rangi, ule uzi wote ufue na kuukausha kwanza, au urudishe dukani.

Pasi je?

Laza kazi kifudifudi juu ya taulo nene, funika kwa kitambaa chenye unyevu, bonyeza na kuinua bila kuburuza. Kitani kinahitaji unyevu zaidi kuliko pamba. Kama itakaa ukutani, ifanyie hivyo kabla ya kuipeleka kwa fundi wa fremu, na umwambie aache nafasi kati ya kioo na uzi.